Penzi la Bwana Hayashi na Binti Lily

Simu ya studio iliita dakika chache baada ya kipindi kumalizika. Alikuwa mama mmoja wa Tandika, msikilizaji wetu wa siku nyingi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha bila kuzunguka akasema: "Mwanangu, wewe kila wiki unatuchambulia mambo ya dunia. Leo nichambulie la nyumbani kwangu. Binti yangu ana miaka 31. Kazi kaacha tangu Ramadhani. Usiku kucha yuko na simu, anatazama katuni za Wajapani na kucheka peke yake. Nikimuuliza anacheka nini, ananiambia ni mapenzi ya watu waliokutana kwenye gemu. Huyu si anapotea?"

Nilimwomba jina la katuni hiyo. Nikamsikia anaita ndani, na sauti ya binti ikajibu kwa mbali: "Mwambie ni ile ya Hayashi na Lily!" Nikaandika majina hayo mawili pembeni ya gazeti nililokuwa nalo, nikamwahidi mama kwamba nitaitazama kabla ya kusema lolote. Maana mtu hawezi kuhukumu pilau kwa kunusa moshi wa jirani.

Nimeitazama yote kwa jioni tatu. Leo natimiza ahadi.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Anime ni jina ambalo Wajapani wamelikata kutoka katika neno la Kiingereza la picha za kuchora zinazotembea. Sisi tumezoea kuziita katuni, na mara tukisema katuni, tunaona watoto wameketi sakafuni mbele ya televisheni Jumamosi asubuhi. Japani sivyo. Kule zipo za watoto, za vijana, na zipo za watu wazima wanaolipa kodi ya nyumba na kuumwa mgongo. Zinaonyeshwa kila wiki kama tamthilia nyingine yoyote, na kila sehemu huchukua kiasi cha dakika 24 pamoja na wimbo wa kufungulia na wa kufungia.

Hii ya binti wa Tandika inaitwa kwa Kijapani Net-juu no Susume. Ilionyeshwa katika televisheni ya Japani kuanzia Oktoba hadi Desemba 2017, sehemu 10 tu, na baadaye ikaongezwa moja ya ziada. Ilitengenezwa na studio ya Signal.MD kutokana na hadithi ya michoro ya Rin Kokuyō, ambayo ilianza kutolewa mwaka 2013 katika Comico, huduma ya Kijapani ya kusomea hadithi za picha kwa simu. Mwandishi huyo hakupata kuimaliza hadithi yake kwa sababu ya afya.

Jina lake ni la mzaha kidogo. Vijana wa Japani wana neno la kumtaja mtu ambaye maisha yake ya kweli yamejaa: ana kazi, ana marafiki, ana mchumba. Wakaligeuza neno hilo wakapata jingine la kumtaja mtu ambaye maisha yake yamejaa, lakini yamejaa ndani ya mtandao. Na neno susume maana yake ni ushauri au himizo. Kwa hiyo jina zima ni kama kusema "Nakushauri uishi raha mustarehe mtandaoni". Walioitafsiri kwa Kiingereza waliiita Recovery of an MMO Junkie, yaani kupona kwa teja wa gemu. Ona tofauti! Mjapani anatania, Mwingereza anapeleka mgonjwa hospitali. Mama wa Tandika yuko upande wa Mwingereza, na simlaumu.

Sasa hadithi yenyewe. Moriko Morioka ni mwanamke wa miaka 30, hajaolewa, ambaye amefanya kazi ya ofisini kwa miaka mingi mpaka ikamtoka rohoni. Siku moja anaacha. Hakufukuzwa, anaacha kwa hiari yake. Anajifungia katika chumba chake, anavaa nguo za kulalia mchana kutwa, na kurudia starehe yake ya zamani, michezo ya kompyuta inayochezwa mtandaoni. Ule alioupenda zamani umekwisha fungwa, basi anajiandikisha katika mwingine uitwao Fruits de Mer. Mchezo huo ni wa kubuni, umo ndani ya hadithi tu.

Hapa inabidi nieleze michezo ya namna hii inavyofanya kazi, kwa sababu bila kuielewa hutaona mapenzi yanapitia mlango gani.

Mchezo huu si kama karata au bao ambapo wawili wanaketi, mmoja anashinda, wanaondoka. Huu ni kama mji. Maelfu ya watu wanaingia kwa wakati mmoja, kila mmoja kutoka kwake, na ukienda kulala mji unaendelea bila wewe. Unapoingia mara ya kwanza unajitengenezea mtu wako: unamchagulia jina, nywele, kimo, hata jinsia. Kisha unamchagulia kazi. Mmoja ni askari anayesimama mbele kupokea mapigo ya mazimwi, mwingine hupiga kutoka mbali, na mwingine ni tabibu anayewarudishia wenzake afya. Mazimwi yametengenezwa makusudi yamshinde mtu mmoja. Usipopata wenzako utakufa, utaamka kituoni, utarudi, utakufa tena. Ndiyo maana wachezaji hujiunga katika vikundi vyenye viongozi na taratibu, kama vyama vyetu vya kufa na kuzikana, ila huku wanazikana kila baada ya dakika kumi.

Na wanapopumzika baada ya vita wanaongea. Hawaongei kwa mdomo, wanaandikiana. Hili lishike vizuri: sauti haisikiki na sura haionekani. Yupo tu mtu wa kuchorwa na maneno yanayoandikwa.

Jambo hili si geni. Mchezo wa kwanza wa aina hii, uliokuwa wa maandishi matupu bila hata picha, ulianzishwa katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwaka 1978 na wanafunzi wawili, Roy Trubshaw na Richard Bartle. Mwaka 1997 ukaja Ultima Online, mwaka 2002 Wajapani wakapata Final Fantasy XI, na mwaka 2004 Wamarekani wakatoa World of Warcraft uliokusanya mamilioni ya wachezaji. Katika Final Fantasy XIV imewekwa hata sherehe ambapo wachezaji wawili huvishana pete mbele ya wageni waalikwa. Kwa hiyo mwandishi wa hadithi yetu hakuota ndoto. Alikuwa anaandika kuhusu mji wenye wakazi.

Turudi kwa Moriko. Katika mji huo anajitengenezea mwanamume. Kijana mtanashati, nywele zimekaa sawa, anaitwa Hayashi. Jina hilo lina utani ndani yake. Mori kwa Kijapani ni msitu, na huandikwa kwa alama yenye miti mitatu. Hayashi ni kijisitu, na alama yake ina miti miwili. Mwanamke amejikata mti mmoja akawa mwanamume!

Siku za mwanzo Bwana Hayashi anakufa ovyo. Ndipo anapotokea tabibu mmoja, binti mpole, mrembo wa kutazamwa mara mbili, jina lake Lily. Anamtibu, anamwelekeza njia, anamwingiza katika kikundi chake. Usiku baada ya usiku wanatembea pamoja. Hayashi anaanza kuhesabu saa akimngojea Lily aingie, na Lily anaanza kuona usiku usio na Hayashi ni mrefu.

Wasikilizaji wangu, mmeshakisia. Lily naye si binti. Nyuma yake yuko kijana wa miaka 28 aitwaye Yuta Sakurai, mfanyakazi wa kampuni, mrefu, mwenye sura ambayo wanawake wa ofisini huigeukia, na mwenye haya kupita kiasi. Mwanamke aliyejifanya mwanamume anampenda mwanamume aliyejifanya mwanamke, na hakuna anayejua.

Kisha dunia ya nje inaingilia. Jioni moja Sakurai anageuka ghafla njiani, kiwiko chake kinampiga usoni mwanamke aliyekuwa anapita. Mwanamke anaanguka. Sakurai anamkimbiza hospitali, anaomba radhi hadi anachosha. Mwanamke huyo ni Moriko. Wanazungumza bila kujuana, hao hao ambao usiku uliopita walikuwa wanaandikiana mpaka saa tisa! Kumbe pia kiongozi wa kikundi chao, shujaa anayeheshimiwa na wote, ni kijana anayeuza katika duka lile lile ambalo Moriko huenda kununulia chakula usiku akiwa na nywele zisizochanwa. Mji mkubwa, lakini wote wanakaa mtaa mmoja.

Nilicheka. Nakiri nilicheka peke yangu, mpaka wa nyumbani kwangu wakaniuliza nami nina nini.

Lakini katikati ya kicheko nikakumbuka kitu cha kazi yangu. Nilipoanza utangazaji, moja ya kazi nilizopewa ilikuwa kusoma kadi za salamu. Watu wa umri wangu mnazikumbuka: unanunua kadi, unaandika majina ya unaowasalimu, unaituma redioni, na chini unaweka jina lako la utani. Wasikilizaji walisalimiana mwaka mzima bila kuonana. Alikuwepo mmoja akijiita Kipepeo wa Pwani. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, maneno yake laini, na sote studioni tuliamini ni binti. Walikuwepo waliomtumia salamu zenye harufu ya posa. Siku alipokuja kuchukua kalenda aliyoshinda, tukamwona dereva wa lori mwenye ndevu mpaka kifuani. Tulimuuliza kwa nini. Akajibu kwamba barabarani kila mtu anamjua kwa ukali, na alitaka mahali pamoja tu ambapo anaweza kuandika kuhusu mvua na maua bila kuchekwa.

Sijalisahau jibu lile, na naona ndilo jibu la Moriko na la Sakurai. Kinyago kinaweza kumficha mwizi, hilo sikatai. Lakini kinaweza pia kumpa mtu ruhusa ya kuwa mpole. Sakurai alipokuwa Lily hakuwa anamtapeli Hayashi. Aliuliza hali, alisubiri mwenzake alipobaki nyuma, na alikumbuka jambo alilosimuliwa juzi. Uongo ulikuwa katika nywele na sauti. Subira haikuwa ya uongo, kwa sababu huwezi kuigiza subira kila usiku kwa miezi.

Tujiulize sasa kwa nini mwanamke mwenye elimu na kazi ajifungie ndani. Katuni hii ni nyepesi, haitoi hotuba, lakini inasimama juu ya ardhi ngumu. Japani wana neno karoshi, yaani kufa kwa kazi nyingi, na jambo hilo lilifika hadi bungeni: mwaka 2014 ilipitishwa sheria ya kuhimiza kinga dhidi ya vifo hivyo, na mwaka 2018 ikapitishwa nyingine iliyoweka kikomo cha kawaida cha saa za ziada, saa 45 kwa mwezi na 360 kwa mwaka. Ilianza kutumika kwa makampuni makubwa Aprili 2019. Moriko aliacha kazi kabla ya kikomo hicho.

Wanalo neno jingine, hikikomori, la watu waliojitenga majumbani mwao kwa miezi sita au zaidi. Uchunguzi wa serikali uliofanywa mwaka 2022 ulikadiria kwamba watu wapatao 1,460,000 wa umri wa miaka 15 hadi 64 wako katika hali hiyo. Na hesabu hiyo haikuwachukua tu wale wasiotoka chumbani. Iliwachukua pia wale wanaotoka kwenda duka la karibu na kurudi. Hiyo si picha kamili ya Moriko? Mwanamke anayetoka usiku kwenda dukani, ananunua chakula na kinywaji, anarudi upesi asije akaonwa na anayemjua.

Ndipo ninapoona kwamba jina la Kiingereza limekosea kidogo. Linasema Moriko anapona ugonjwa wa gemu. Mimi niliyetazama naona anapona ugonjwa wa ofisi, na gemu ndiyo chumba cha wagonjwa. Humo ndani anajifunza tena kusalimia, kufika kwa wakati kwa sababu kuna anayemngoja, kushukuru, kukasirika na kusamehe. Mambo hayo kazi ilikuwa imemnyang'anya.

Hata hivyo chumba cha wagonjwa si mahali pa kuhamia moja kwa moja, na hadithi inalijua hilo. Hapa ndipo penye uzito wake. Sakurai ndiye anayegundua kwanza. Maneno mawili matatu yanamponyoka Hayashi katika mazungumzo, kijana anayaunganisha, na damu inamwenda mbio: huyu ni yule niliyempiga kiwiko! Zaidi ya hayo, anakuja kufahamu kwamba hata katika ule mchezo wa zamani uliofungwa walikuwa wamekwisha kuwa marafiki, kwa majina mengine.

Sasa yeye anajua na mwenzake hajui. Jana walikuwa sawa, wote wawili nyuma ya vinyago. Leo mmoja anachungulia. Akiendelea kunyamaza, kila neno tamu la Lily linageuka kuwa mtego, maana Hayashi anamwambia Lily mambo ambayo Moriko asingemwambia Sakurai uso kwa uso. Akisema, anaweza kumpoteza mara mbili, mtandaoni na mtaani. Moriko naye anajiona hana thamani. Anajilinganisha na mwanamume mzuri mwenye kazi nzuri, anajitazama kwenye kioo, anataka kukimbia. Rafiki wa Sakurai ofisini, Koiwai, aliyewahi kuwasiliana na Moriko kikazi, anamwalika Moriko mtoko, nusu kwa uchangamfu na nusu kwa kumchokoza mwenzake ajikaze. Moriko anakwenda saluni. Utacheka, lakini kwa mtu aliyekaa ndani miezi, kukaa kwenye kiti cha saluni na kutazamwa na mgeni ni safari kubwa kuliko ya kwenda kuua zimwi.

Mwisho Sakurai anasema. Anasema kwa kigugumizi na kwa kutetemeka, lakini anasema: Lily ni mimi. Sitawasimulia kila kitu, mkitaka mtatazama wenyewe. Nitasema tu kwamba hadithi haimwadhibu yeyote kwa kuwa mpweke, na kwamba hakuna aliyelazimishwa kuua mtu wake wa mchezoni ili apate mapenzi ya nje. Bwana Hayashi na Binti Lily wanaendelea kutembea katika mji wao. Wenye nao wamejifunza kutembea kwenye lami.

Wapo watakaoniambia kwamba hayo ni ya katuni, na kwamba mitandao yetu imejaa matapeli. Ni kweli, nimewasomea habari zao mimi mwenyewe katika taarifa. Lakini hata tapeli anaweza kupimwa kwa kipimo cha hadithi hii. Lily hakumwomba Hayashi hela ya nauli. Hakumharakisha. Hakumkataza kuwa na marafiki wengine; walikuwa katika kikundi cha watu wengi wanaowaona. Na kweli ilipofika mlangoni, aliyeijua aliitamka. Penzi linaloanzia gizani litajulikana kwa jinsi linavyokwenda kwenye mwanga, liwe limeanzia kwenye gemu, kwenye kadi ya salamu, au kwa mshenga.

Hata Japani kwenyewe wazee walipatwa na mshtuko kama wa mama wa Tandika. Zamani ndoa nyingi zilipangwa kwa omiai, yaani kukutanishwa na mshenga. Mnamo miaka ya mwisho ya 1960 ndoa za kujichagulia zikazipita zile za kukutanishwa, na wazee wakashika vichwa. Siku hizi zaidi ya ndoa moja katika kila kumi za huko inatokana na watu waliofahamiana kupitia intaneti. Mlango umebadilika. Maswali ya mlangoni ni yale yale: wewe ni nani, na utanisubiri nikibaki nyuma?

Nilimpigia mama simu kabla ya kuandika haya. Nilimwambia kwamba sijui kama binti yake anapotea au anapumzika, na kwamba mimi si wa kujua hilo. Lakini nilimshauri asimnyang'anye simu. Aende akaketi kando yake, aombe kuonyeshwa sehemu ya kwanza, na Moriko atakapoonekana ameacha kazi, amejifungia na nguo zake za kulalia, asiseme neno. Amwache binti aseme.

Juzi amenipigia tena. Nilimwamkia, nikauliza habari za nyumbani. Akaniambia wamefika sehemu ya nne. Nikamuuliza, je, binti amesema chochote kuhusu kazi aliyoiacha? Mama akanyamaza kidogo, kisha akajibu kwa sauti ya chini: "Amesema, mwanangu. Kumbe mengi nilikuwa siyajui." Halafu akaikaza sauti: "Ila huyo Sakurai naye anachelewa mno kusema. Kijana gani huyo?"

Tukutane wiki ijayo.